Septemba Kumi na Mbili za Kirby Demchuk

Jirani yetu Joyce Unger, wa ng'ambo ya barabara, amesema dukani kwamba Kirby alikufa amelewa. Alisema mbele ya watu wanne: "Lile jitu lilikunywa asubuhi asubuhi, likaenda kulala kwenye theluji." Joyce, nakuona, umekaa mstari wa tano, na karibu. Karatasi ya daktari iko mfukoni mwangu. Katika damu ya mume wangu halikukutwa hata tone moja la pombe. Alikuwa hajaonja bia tangu Machi 2019, kwa sababu chupa moja tu ilimtapisha na kumlaza siku mbili. Yule uliyemwona akiyumba nje ya posta mwezi wa kumi na moja alikuwa mgonjwa, nawe hukuvuka barabara kumshika mkono.

Mimi ni Neta, mjane wake. Padri ameniomba wasifu huu uwe kama ulivyo siku zote: alizaliwa, akasoma, akafanya kazi, akaoa, akaugua. Nitafuata hivyo hivyo. Lakini nyote mnajua kwamba baba mkwe wangu hajanisemesha tangu Alhamisi ya wiki iliyopita, kwa sababu niliruhusu madaktari wa jijini wautoe ubongo wa mwanawe wauchunguze kabla hajazikwa. Kwa hiyo pamoja na alivyoishi nitaeleza na kilichomuua, ninavyokijua mimi niliyelala naye kitanda kimoja. Maren na Lida wataisoma karatasi hii wakikua. Sitaki wajifunze habari za baba yao dukani.

Marehemu Kirby Demchuk alizaliwa tarehe 11 Februari 1989 hapa Carrow, Saskatchewan, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Metro Demchuk na Mama Sonia. Kila Novemba Mzee Metro alimwaga maji kwa mpira kando ya zizi, jioni baada ya jioni, mpaka yakaganda yakawa uwanja. Kirby alianza kuteleza juu ya barafu hiyo akiwa na miaka mitatu, akisukuma kiti cha jikoni mbele yake ili asianguke. Mama Sonia anasema kile kiti hakikurudi tena mezani, miguu yake ilikuwa imeliwa. Mzee alikuwa akisimama kwenye uzio na kupiga kelele, "Kichwa juu, Kirby! Tazama mbele, ng'ombe wewe!" Kirby alikuwa akiigiza sauti hiyo mpaka juzi juzi, na kila mara ilimchekesha.

Alisoma shule ya Carrow mpaka darasa la kumi. Mwaka 2005, akiwa na miaka kumi na sita, alichukuliwa na timu ya vijana ya Wadley, mwendo wa saa tano kwa gari, akapanga kwa mama mmoja wa huko, Arlene Pidskalny, ambaye leo amesafiri kwenye barafu kuja kwetu. Masomo alimalizia kwa posta, Juni 2008, kwa sababu Mama Sonia alikataa katakata kusaini karatasi yoyote ya hoki ya mshahara mpaka amalize. Arlene ananiambia kwamba Kirby alijua kwa kichwa namba za simu za wachezaji wote ishirini na watatu, za wazazi wao, na ya fundi wa magari. Walikuwa hawafungui daftari. "Tulikuwa tunamwita tu ghorofani," anasema. "Kirby, namba ya daktari wa meno! Naye anaitaja huku mdomo umejaa viazi." Naomba mlishike hilo. Huyo ndiye mtu tuliyewapa watu wa hoki.

Kazi yake ilikuwa beki wa hoki ya barafu, na aliifanya kwa mshahara kwa misimu kumi na miwili, kuanzia Septemba 2010 hadi Aprili 2022. Alicheza mechi mia tano themanini na nane, mia mbili na tatu kati ya hizo zikiwa za ligi kubwa, katika klabu ya Port Lachlan, na zilizobaki katika timu yao ndogo ya Garrison. Katika ligi kubwa alifunga mabao sita. Watu hucheka wakisikia sita. Hakuwekwa pale afunge. Aliwekwa alale mbele ya kile kisahani cheusi kinapopigwa, kigumu kama jiwe, kimgonge yeye kisimfikie kipa. Aliwekwa amsukume mtu ukutani, na mwenzake akiumizwa avue glavu akapigane. Alivunjika taya, vidole vinne, mbavu sijui ngapi na kifundo cha mguu wa kushoto mara mbili. Yote hayo yaliunga.

Sasa nieleze mambo ya Septemba. Kila Septemba, kabla msimu haujaanza, wachezaji hupimwa akili kwenye kompyuta. Wanaoneshwa maneno, maumbo na tarakimu, kisha wanaulizwa wanakumbuka nini, na alama zao zinahifadhiwa. Mchezaji akigongwa kichwa katikati ya msimu anapimwa tena. Alama mpya zikiwa chini ya zile za Septemba, anakaa nje mpaka apone. Ndivyo ilivyopangwa, na aliyepanga nadhani alikuwa na nia njema. Hakuwajua wachezaji.

Septemba 2010 Kirby alikuwa amekaa koridoni Garrison akingoja kuitwa. Curtis Boileau, beki mkongwe aliyekuwa akicheza ubavuni mwake, akaja kukaa karibu naye.

"Dogo, una akili?"

"Kiasi."

"Leo usiwe nazo. Kuwa zuzu. Ukijifanya mwerevu leo, Januari wakikupima kichwa kinavuma wataona umeshuka. Watampa mwingine nafasi yako, na hutaiona tena. Ukiwa zuzu leo, utashukia wapi?"

Kirby akaingia akawa zuzu. Aliniambia habari hiyo akicheka, na mimi nilicheka naye, Mungu anisamehe. Wote walikuwa wakifanya hivyo, walikuwa wakishindana nani atapata alama za chini bila kustukiwa. Na msiniambie klabu haikujua. Septemba 2015 nilikuwa nauza kahawa pale uwanjani Garrison, nikapeleka sinia ya vikombe chumba cha daktari wa timu. Nilimkuta ameshika karatasi ya Kirby, na Kirby mwenyewe amekaa mbele yake.

"Demmer!" akamwambia kwa jina lao la utani. "Mwaka huu umezidi kuwa zuzu. Hongera, bwana."

"Nafanya mazoezi, daktari."

Chumba kizima kikacheka. Bwana Lyle Pruett, meneja, alikuwa amesimama dirishani, naye akacheka, akachukua kahawa yake akanishukuru. Bwana Pruett, ulikunywa bila sukari. Mimi sikumbuki mambo makubwa ya dunia, lakini hayo nayakumbuka.

Tarehe 21 Januari 2017, Port Lachlan, alisukumwa kutoka nyuma akaenda ukutani uso kwanza. Nilikuwa jukwaani na mimba yangu ya kwanza, ile iliyoharibika baadaye. Nilimwona akijaribu kusimama kwa magoti kama ndama aliyezaliwa sasa hivi. Wakamwingiza ndani, wakamnusisha ile chumvi kali ya kumzindua mtu, na baada ya dakika tisa akarudi barafuni. Watu wakashangilia. Na nyinyi mliokuwa mkitazama hapa Carrow, baani kwa Hrycan, najua mlishangilia, kwa sababu mlitupigia simu kutupongeza. Kwenye gari akaniuliza, "Leo tumecheza na nani?" Jumatatu wakampima. Daktari akasema, "Sawasawa na Septemba." Jumanne alikuwa kwenye ndege. Hiyo ni mara moja ninayoieleza. Nilihesabu kumi na moja, na mimi sikuwepo kila mahali.

Kuhusu ndoa. Tulijuana palepale kwenye kahawa. Alikuja na mfuko wa nailoni akaniwekea mbele.

"Dada, nijazie barafu hapa."

"Barafu hii ni ya vinywaji."

"Goti langu lina kiu."

Tulifunga ndoa tarehe 16 Julai 2016, kwetu, mbele ya wazee wangu wa kanisa la Kimenoni ambao hawakuwa na televisheni na hawakujua yeye ni nani. Alipokuja kuniposa alishuka garini amevaa suti, kilo mia na nne za mwanamume, na jogoo wetu akamtokea. Kirby, mtoto wa shambani, alikuwa anaogopa kuku tangu utotoni. Akapanda juu ya boneti. Baba yangu akatoka, akamtazama huko juu, akamtazama jogoo.

"Neta, huyu ndiye anayelipwa kupigana?"

"Ndiye, baba."

"Na sisi tumlipe jogoo kiasi gani?"

Alikuwa mume mpole. Nasema hivyo nikijua yaliyofuata. Maren alipozaliwa, tarehe 3 Mei 2018, alikuwa akimlaza juu ya kifua chake, na mfuko wa barafu begani, wanalala wote wawili hadi mfuko unayeyuka na kuwalowesha. Alimfundisha kupiga mluzi kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Septemba 2021 alirudi kutoka kwenye kipimo akakaa ndani ya gari, uani, bila kushuka. Nikamfuata, nikaingia upande wa pili.

"Neta, leo sikudanganya."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujua tu. Nimejitahidi kwa nguvu zangu zote, kama mtoto wa shule."

"Ikawaje?"

"Zimetoka chini ya zile za uongo."

Tukakaa pale mpaka kioo kikajaa mvuke. Jioni hiyo Bwana Pruett alipiga simu, Kirby akaweka sauti ili na mimi nisikie. "Uko fiti, Demmer. Hakuna kilichobadilika." Alama za chini kuliko miaka yote kumi na moja ya kujifanya, na mtu mzima mwenye ofisi akasema hakuna kilichobadilika. Wakamchezesha msimu mzima. Aprili 2022 wakamwacha, kwa simu pia. Nilitazama saa ya ukutani, ilichukua dakika nne. Tukarudi hapa Carrow, kwenye shamba la wazee wake.

Ugonjwa wake haukuwa na jina lililoandikwa popote, kwa hiyo wengi mlidhani ni uvivu, au pombe, au kiburi cha mtu aliyekuwa kwenye televisheni. Kwanza ilikuwa mwanga, ulimuumiza kichwa. Nilibandika zile karatasi za kung'aa za kuokea kwenye madirisha ya chumba chetu. Kisha alianza kupotea njia ya kwenda mjini, njia yenyewe ikiwa na kona moja. Kisha hasira. Aling'oa mlango wa kabati kwa sababu kijiko kilianguka, halafu akakaa sakafuni akalia, akaniomba misumari aurudishe. Hakunipiga, wala hakuwapiga watoto. Siku moja alihisi mkono wake unataka, akahamia chumba cha chini ya nyumba, akaniambia niwe nafunga mlango wa ngazi. Lida alizaliwa tarehe 19 Machi 2024. Alipokuwa na miezi mitano, baba yake alimnyanyua, akamtazama sana, akanigeukia. "Mama Maren," akasema polepole, "huyu tulimwita nani?" Mtu aliyejua namba za simu za mji mzima wa Wadley.

Niliandikia klabu mara tatu. Jibu lilikuja moja, na kofia mbili za watoto zenye nembo ndani ya bahasha.

Kirby alifariki Alhamisi tarehe 9 Januari 2025, akiwa na miaka thelathini na mitano. Saa nne asubuhi alisema anakwenda kuchukua barua kwenye sanduku letu, mwisho wa njia ya nyumbani, hatua mia tatu na kitu. Baridi ilikuwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri na upepo ulikuwa unainua theluji. Nilimwambia asubiri nimalize kumbadilisha mtoto nepi. Akasema, "Hatua hizi nimezitembea tangu nina miaka minne, Neta, niachie hiki kimoja." Nikamwachia. Saa nne na dakika ishirini hajarudi. Nikampigia Mzee Metro, naye akatoka na gari la theluji. Alimkuta saa saba kasoro dakika ishirini, ng'ambo ya barabara, ameegemea ghala la Unger, glavu moja imevuliwa. Alikuwa amefika kwenye sanduku salama. Barua zilikuwa ndani ya koti lake, kavu. Ni kurudi ndiko kulikomshinda. Alipofika barabarani hakujua nyumbani ni upande gani.

Bwana Pruett alipiga simu kabla ya saa kumi. Sijui nani alimwambia. Alitoa pole, kisha akasema, "Mama Demchuk, hakuna haja ya kumfungua. Mwache apumzike. Na kwenye programu ya maziko andikeni tu alifariki ghafla." Hakufariki ghafla. Alichukua miaka minane, na wewe ulikuwa umeshika karatasi zake. Maua uliyoleta, yale makubwa ya namba 44 ya jezi yake, nimeyaweka koridoni na huko yatabaki.

Ubongo una saa chache tu kabla haujaharibika. Mzee Metro alisimama mlangoni mwa jikoni, theluji ingali kwenye nyusi zake.

"Hawamgusi kichwa," alisema. "Mwanangu atazikwa mzima."

"Baba, alitaka mwenyewe."

"Mtu asiyejua jina la mwanawe anataka nini, Neta? Hayo umeyataka wewe. Umesoma mambo ya magazetini, ukaamua wewe."

Nikasaini. Mama Sonia aliishika karatasi kwa vidole viwili isiteleze mezani. Mzee akatoka nje, na hajaingia kwangu tena. Ameyeyusha ardhi ya kaburi kwa moto wa majani siku mbili, peke yake, akikataa msaada wa mtu. Baba, nimeuona moshi huo dirishani siku zote mbili. Nilikuletea chai, ukaiacha ikaganda juu ya jembe. Sikulaumu kwa chai. Lakini sikubali useme nimemkata mwanao kwa matakwa yangu.

Majibu ya madaktari wa ubongo hayajaja, wamesema yatachukua miezi. Sijui watakuta nini. Yakija nitayasoma hapahapa, aliye radhi kusikia na asiye radhi. Na nyinyi wachezaji wa Garrison mliokaa pamoja huko nyuma na suti zenu, tisa kati yenu mna watoto, nimewahesabu. Curtis Boileau amenipigia simu juzi analia. Nimemwambia asilie kwenye simu, alie mbele yenu, awaambie alichomfundisha mume wangu koridoni. Amesema atajaribu.

Marehemu Kirby ameacha mjane, Aganetha, ambaye nyote mnaniita Neta. Mabinti wawili, Maren wa miaka sita na Lida wa miezi kumi. Wazazi wake, Mzee Metro na Mama Sonia Demchuk. Dada yake, Larissa, na mumewe na wanawe watatu. Mama yake wa Wadley, Arlene. Na mbwa mmoja kipofu anayekataa kutoka kwenye ngazi za chini. Tunamlaza leo, Jumamosi tarehe 18 Januari 2025, karibu na babu yake. Mungu ampe giza zuri na kimya, asisikie kengele wala kelele tena, alale.

Hili la mwisho ni la baba mkwe. Jumatatu tarehe 2 Desemba ilikuwa siku nzuri. Kirby alipanda juu mwenyewe saa mbili asubuhi, akawaita wanawe wote wawili kwa majina, akamfunga Maren viatu, akamsindikiza kwa macho mpaka basi la shule likaondoka. Kisha akakaa jikoni nikiwa namenya viazi, akachukua kalamu ajaribu kuandika, mkono ukakataa. Akaisukuma kwangu na kuniambia niandike mimi. Niliandika nyuma ya kalenda, na kalenda hiyo nimekuja nayo, Baba, unaweza kuitazama. Ni maneno yake, nami sikuongeza langu:

"Neta, Septemba kumi na moja niliwadanganya, wakapenda. Ya kumi na mbili nikawaambia kweli, wakasema ni ileile. Nikifa usibishane nao kwa karatasi. Wape kichwa changu. Chenyewe hakijui kujifanya. Mzee atakataa, atalia kama ndama. Mshike mkono, lakini wape."